Suluhu Ilisuluhisha Nani na Nani?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, mwezi huu tahariri yetu inatoka katika darasa la Sarfu, yaani elimu ya kunyambua maneno ya Kiarabu. Tunajua wapo watakaoguna na kusema kuwa watu wana shida ya mvua na bei ya mahindi, nasi tunawaletea vitenzi. Tunawaomba subira. Mzizi tunaoufungua leo uko midomoni mwetu kila siku, na kwa kutoupima vyema tumeshiriki, tena kwa nia safi na kwa dua, katika jambo ambalo tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe.

Kisa chenyewe ni hiki. Mzee mmoja, muumini wa msikiti mmojawapo wa hapa Mpanda, alifariki dunia akiacha watoto watatu: wawili wa kiume na mmoja wa kike. Mkewe na wazazi wake walikwisha kumtangulia. Aliacha shamba la ekari kumi, na sehemu ya shamba hilo imeshuka bondeni panapokubali mpunga. Zamani ardhi ya namna hiyo ilikuwa pori tu la miombo. Mwenye nguvu ya kufyeka alifyeka. Tangu Katavi ilipotengwa na Rukwa ikawa mkoa mwaka 2012, na mji ukazidi kupanuka, kila kipande kimepata wa kukigombea. Basi ndugu wawili wale wakaligombea bonde. Ilifika hadi hawapeani salamu, na mmoja wao akahama msikiti ili asisimame safu moja na mwenzake.

Wazee wakatuita. Tulikaa usiku wa siku tatu baada ya Isha. Tukawasomea kuwa sulhu ni kheri, tukawakumbusha baba yao, tukagawa ekari tano kwa tano, na bonde tukalikata kwa urefu ili kila mmoja apate maji. Wakashikana mikono, wakalia. Tuliandika karatasi na juu yake tukaweka kwa herufi kubwa HATI YA SULUHU. Aliyeiandika kwa mkono wake, na aliyesoma dua ya kufunga kikao, ni mwandishi wa tahariri hii.

Mwaka uliofuata dada yao, aliyeolewa Kaliua, alishuka na treni, akaja moja kwa moja madrasa na mtoto mgongoni. Alisubiri watoto wamalize kusoma, akatoa salamu, akasema: "Ustadhi, nasikia mlikaa suluhu ya shamba la baba. Sikuja kugombana. Nataka kujua tu, suluhu hiyo ilisuluhisha nani na nani?"

Nikamjibu: "Kaka zako wawili, dada yangu."

Akasema: "Na mimi niligombana na nani, hata nikatolewa?"

Mzizi wa neno hilo nimeusoma kwa miaka mingi, nikaunyambua ubaoni kwa wanafunzi zaidi ya mara mia. Siku ile sikuwa na jibu. Ndipo nikarudi vitabuni, na niliyoyakuta huko si mageni kwa aliyesoma, ila tulikuwa tumeyaacha rafuni.

Mzizi una herufi tatu: swadi, lamu na ile ha ya kooni inayosikika katika jina la Muhammad. Kitenzi chake cha asili ni salaha, na wengine husema saluha: kitu kuwa sawa, kufaa kwa kazi yake, kuwa katika hali kinayotakiwa kuwa. Kinyume chake ni fasada, kuharibika. Maneno haya mawili hutembea pamoja kama mchana na usiku. Katika hadithi mashuhuri ya Nu'man bin Bashir (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) anataja kipande cha nyama mwilini ambacho kikitengenea mwili wote hutengenea, na kikiharibika mwili wote huharibika, nacho ni moyo. Vitenzi alivyotumia ni hivyo hivyo viwili, salaha na fasada. Ndani ya Qur'an Tukufu mzizi wa kwanza na matawi yake umekuja takriban mara 180, na wa pili takriban mara 50.

Sisi Waswahili tumeyapokea matawi ya mizizi yote miwili na kuyafanya ya kwetu. Fisadi tunamjua. Wazee wetu walimtumia kumtaja mharibifu wa wake na mabinti za watu. Kisha katika miaka ya 2007 na 2008, wakati wa kashfa za EPA na Richmond, neno likahamia kwa mla mali ya umma na likakaa huko. Hatuna ugomvi na matumizi hayo. Tunakumbusha tu kwamba asili ya neno ni pana kuliko fedha za serikali: nyama iliyooza imefasidika, mkataba uliokosa sharti lake umefasidika, na mirathi iliyoliwa imefasidika hata kama walioila ni watu wa safu ya kwanza.

Tukirudi kwenye salaha, tawi lake la karibu ni sifa ya salihi, mtu au jambo lililo jema na lenye kufaa. Ndiyo asili ya jina la Nabii Saleh (A.S.), ambalo ndugu zetu wa pwani huliandika Swaleh kwa kuichunga ile swadi. Ni jambo la kuzingatia kwamba katika mji wa Nabii huyo huyo, Sura An-Naml aya ya 48 inataja kundi la watu tisa waliokuwa wakifanya ufisadi katika ardhi wala hawatengenezi. Nabii anaitwa Mwema, na mji wake unaendeshwa na waharibifu tisa.

Ukiongeza hamza mwanzoni unapata aslaha: kukifanya kitu kiwe salihi, kukitengeneza. Hapo ndipo inapotoka islahi, jina ambalo harakati kama hii yetu hupenda kujiita. Ukirefusha irabu ya kwanza unapata saalaha, kupatana na mtu, na humo mna sulhu, ambayo ulimi wetu uliongeza irabu ikawa suluhu, kisha tukazaa wenyewe kusuluhisha, msuluhishi, usuluhishi na suluhisho. Neno hilo tumelipeleka hadi uwanja wa mpira: timu zikitoka bila bao watangazaji husema zimetoka suluhu, na zikifungana sawa husema zimetoka sare. Mwarabu angeshangaa, lakini ni matumizi yetu. Hofu yetu ni kuwa baadhi ya wazee wa mabaraza wamelichukua neno kutoka uwanjani badala ya msikitini, wakaamini kuwa kikao chema ni kile ambacho hakuna aliyefunga.

Liko pia tawi ambalo wengi hawajui kuwa ni ndugu wa hayo. Ukiingiza herufi ta katikati, nayo ikavutwa na swadi ikawa twa, unapata istalaha: watu kukubaliana wao kwa wao. Ndiyo istilahi, neno wanalolitumia wataalamu wa lugha kwa maneno ya fani. Istilahi ni neno ambalo watu wa elimu fulani wamesikilizana juu yake. Ndiyo maana elimu ya kuchambua hadithi huitwa Mustalahul-Hadithi, na ndiyo maana maulamaa wetu hawapendi watu wagombanie istilahi, kwa kuwa ni kugombania kitu ambacho jina lake lenyewe ni mapatano.

Hapa tusimame kidogo kwa sababu ya kosa ambalo hata wanafunzi wakubwa hulifanya. Watu huuliza: vipi suluhu na silaha zikawa na sura moja? Jibu ni kuwa si ndugu. Silaha inatokana na sini, suluhu inatokana na swadi. Kiswahili cha bara kimezitamka herufi hizo mbili kama moja, na ndipo majirani wakafanana kama pacha. Mwarabu akiandika taslihi kwa swadi, hicho ni kibao cha fundi wa magari: hapa panatengenezwa. Akiiandika kwa sini, maana yake ni kugawa silaha. Tofauti ni herufi moja. Na katika Qur'an mzizi ule wa silaha haukuja isipokuwa mara nne, zote katika aya moja, ya 102 ya Sura An-Nisaa, inayoeleza namna ya kuswali wakati wa hofu. Mara nne kwa mara 180.

Sasa tuingie katika maneno matatu yanayotuhusu zaidi, na tuanze na lile la kwetu wenyewe, islahi.

Tuliolichukua jina hili si wa kwanza katika Afrika Mashariki. Sheikh Al-Amin bin Ali Al-Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891, alitoa karatasi zake za Sahifa mwaka 1930, kisha mwaka 1932 akatoa gazeti alilolipa jina la Al-Islah. Baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki mwaka 1947. Mwanachuoni wa daraja yake angeweza kuandika kwa Kiarabu peke yake akasifiwa na wanachuoni wenzake. Naye aliwaandikia watu wake kwa Kiswahili, akiwahimiza elimu na kuwaonya juu ya mila zinazowapotezea mali na dini. Jarida letu hili la kurasa chache ni mjukuu wa kazi ile, tukubali tusikubali.

Lakini jina si ushahidi. Mwanzoni kabisa mwa Sura Al-Baqara, aya ya 11, Mwenyezi Mungu anatuonesha watu wanaoambiwa waache ufisadi, nao hujibu kuwa wao hasa ndio watengenezaji. Neno walilojiita ni muslihuna, watu wa islahi. Aya inayofuata inawakadhibisha. Yaani wa kwanza kutajwa katika mpangilio wa Msahafu kwa kujiita wanaharakati wa islahi ni wanafiki. Kila tunapochapisha jina hilo katika ukurasa wa mbele tunapaswa kutetemeka kidogo. Sisi tuliokaa usiku wa siku tatu tukatoka na karatasi yenye ekari tano kwa tano tulitoka tukiamini kuwa tumefanya islahi.

Kwa upande wa pili, Sura Hud aya ya 117 inatufundisha kuwa Mola haiangamizi miji kwa dhulma hali watu wake ni muslihuna. Haikusema salihuna, watu wema. Mwema anaweza kukaa kwake akavuta tasbihi. Muslihu ni yule anayenyanyuka kwenda kukitengeneza kilichoharibika, na kazi hiyo haina sifa nyingi mjini, kwa sababu anayetengeneza lazima kwanza aguse mahali panapouma.

Neno la pili ni maslahi. Hili, ndugu zangu, limeumia kuliko yote. Asili yake ni maslaha, na wingi wake masalih: jambo lenye kuleta kutengenea. Leo mfanyakazi akisema anadai maslahi yake anakusudia mshahara na posho, na hilo ni halali yake. Tunasoma pia mgongano wa maslahi, maslahi ya chama, maslahi ya taifa. Taratibu neno limeteleza kutoka jambo linalofaa hadi jambo linalonifaa mimi.

Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), aliuona mteremko huo miaka mingi kabla yetu. Katika Al-Mustasfa anaanza kwa kueleza kuwa maslaha kwa asili ni kuvuta manufaa na kuondoa madhara. Kisha anarudi nyuma na kusema kuwa hayo sio anayoyakusudia, kwani kuvuta manufaa na kuondoa madhara ni makusudio ya viumbe, na kila kiumbe anayaona mazuri yake. Maslaha anayoikusudia ni kuyahifadhi makusudio ya Sharia, nayo ni matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Kinachoyahifadhi hayo ni maslaha, kinachoyapoteza ni mafsada, hata kikiwa na watetezi wengi.

Angalia basi neno lililosemwa katika kikao chetu, na ambalo msomaji huenda amelisikia katika vikao vya kwao. Tulipoanza usiku wa kwanza, mzee mmoja aliuliza kwa sauti ya chini: na yule binti? Akajibiwa: "Yule ameolewa mbali. Tukimwingiza, ardhi ya ukoo itakwenda kwa mume wake. Tutazame maslahi ya familia." Yule mzee akanyamaza, nasi tukanyamaza. Hatukumuuliza msemaji: mali ya nani inayohifadhiwa hapa? Maana katika yale matano ya Imamu Al-Ghazali limo neno mali, na mali ya binti yule ilikuwa inapotea mbele ya macho yetu kwa jina la kuihifadhi. Fungu lake limetajwa katika Sura An-Nisaa, aya ya 7 kwa ujumla na ya 11 kwa hesabu: mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Kwa watoto watatu wale mafungu ni matano. Ekari nne, nne, na mbili. Ni hesabu ya mtoto wa darasa la tatu, na wazee saba na ustadhi mmoja hawakuifanya.

Neno la tatu ni sulhu yenyewe.

Hakuna anayekataa utukufu wake. Imamu Bukhari ameifungia kitabu kizima katika Sahihi yake. Humo mna habari ya watu wa Qubaa waliogombana hata wakarushiana mawe, Mtume (S.A.W.) akatoka yeye mwenyewe kwenda kuwapatanisha. Imepokewa pia kutoka kwa Sahl bin Sa'd (R.A.) kuwa alipokwenda kwa Bani Amr bin Auf kwa kazi hiyo hiyo alichelewa, wakati wa swala ukaingia, na Bilal (R.A.) akamwendea Abu Bakr (R.A.) awaswalishe watu. Sulhu ilimchelewesha Mtume (S.A.W.) na jamaa. Na imepokewa katika Abu Daud na Tirmidhi kuwa kutengeneza yaliyo baina ya watu kuna daraja kupita saumu, swala na sadaka, na kwamba kuharibika kwa yaliyo baina yao ni wembe unaonyoa, nao hunyoa dini.

Haya sote tunayahubiri. Tusiyoyahubiri ni mipaka yake. Aya ya 9 ya Sura Al-Hujurat inaamrisha kupatanisha makundi mawili ya Waumini yanayopigana, na mara ya pili inapoamrisha inaongeza sharti: kwa uadilifu, tena mtende haki. Aya ya 182 ya Sura Al-Baqara inazungumzia mtu anayechelea kuwa mwenye kuusia amepotoka au amekosea katika wosia wake, akafanya islahi baina yao. Huyo hana dhambi. Hapo kitenzi ni aslaha, na maana yake ni kuinyoosha dhulma ya karatasi. Sisi tuliandika karatasi yenye dhulma na kuipa jina la kitenzi hicho.

Na ile aya tuliyowasomea ndugu wale, kuwa sulhu ni kheri, ni ya 128 ya Sura An-Nisaa. Msomaji aifungue aitazame. Inamhusu mwanamke anayechelea kutelekezwa na mumewe, kwamba hakuna ubaya wakisikilizana wawili hao. Mwanamke ni upande mmoja wa sulhu hiyo. Ndiye anayejadili haki yake, ndiye anayeamua apunguze nini na abakize nini. Aya ya mwanamke aliyekaa kikaoni sisi tuliitumia katika kikao ambacho mwanamke hakuitwa.

Hadithi ya Amr bin Auf (R.A.) katika Tirmidhi inaweka kipimo: sulhu inajuzu baina ya Waislamu, ila ile inayoharamisha halali au kuhalalisha haramu. Kwa msingi huo maulamaa wa Fiqhi wamekubali kuwa mrithi anaweza kujitoa katika mirathi kwa kupewa kitu maalumu na warithi wenzake, na wameliita jambo hilo takharuji. Tunalitaja kusudi, ili asije mtu akadhani tunafunga mlango wa ndugu kupeana. Dada anaweza kuwaachia kaka zake shamba lote akitaka. Lakini takharuji ni mapatano, na mapatano huwa ya mtu aliyejua fungu lake ni kiasi gani, akakaa, akasema ndiyo kwa ulimi wake. Kutoitwa si takharuji. Hata kunyamaza kwa haya mbele ya wajomba na baba wadogo, kama tujuavyo mabinti zetu walivyolelewa, hakutoshi.

Tuliwaza sana juu ya Hudaibiya, kwa kuwa hiyo ndiyo sulhu mashuhuri kuliko zote, ya mwaka wa 6 Hijria. Suhail bin Amr alikataa maneno Mtume wa Mwenyezi Mungu yasiandikwe katika hati. Ali (R.A.) aliona uzito kuyafuta. Mtume (S.A.W.) akayafuta yeye mwenyewe. Alichokifuta kilikuwa jina lake, haki yake. Kisha, baada ya hati kutiwa saini, alikuja Madina msichana aliyesilimu, Ummu Kulthum binti Uqba (R.A.), na nyuma yake wakaja kaka zake wawili, Al-Walid na Umara, wakidai arudishwe kwa mujibu wa mkataba. Ikateremka aya ya 10 ya Sura Al-Mumtahina: wanawake Waumini waliohama wasirudishwe. Kaka wawili, na hati ya sulhu, na dada ambaye hakuwapo ilipoandikwa! Na huyu Ummu Kulthum ndiye aliyeipokea kwa Mtume (S.A.W.) ile hadithi tunayoipenda mno wasuluhishi, kwamba si mwongo mtu anayepatanisha baina ya watu kwa kupeleka maneno ya kheri. Nimeifundisha hadithi hiyo miaka mingi nikilitaja jina lake haraka ili nifike kwenye matini.

Sheria za nchi nazo zimelitumia sana neno hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro wa ndoa upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kudai talaka mahakamani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, wasiopungua watatu kati yao wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Sheria hiyo hiyo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata nalo limeondolewa mamlaka ya kuhukumu kesi za ardhi, likabakizwa na usuluhishi. Maana yake ni kuwa mzigo mkubwa wa neno hili sasa uko mikononi mwa watu kama sisi, wazee wa vijiji na mitaa, ambao wengi wetu hatukusoma sheria wala Fiqhi ya mirathi. Na tuulizane: katika vikao vyetu vya misikitini wanawake wako wangapi? Katika kile cha kwetu hakuwapo hata mmoja.

Imebaki kueleza yaliyofuata. Tuliwaita upya ndugu wote watatu, safari hii na dada yao akiwapo pamoja na shangazi yao, dada wa marehemu. Nikasimama mbele ya wazee nikasema kuwa kikao cha kwanza kilikosea na kwamba kosa la kwanza ni langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Kaka mdogo hakuchelewa. Alisema alikuwa akijua, na kwamba kila akivuna mpunga ule alikuwa akijisikia vibaya. Kaka mkubwa alirudi kwenye maslahi ya ukoo, na mume wa Kaliua, na gharama alizotumia kusafisha visiki. Gharama zake tumeziandika, kwa sababu nazo ni haki.

Mzee mmoja, kwa upole, akamgeukia binti: "Mwanangu, kaka zako hawa ndio watakaokupokea siku mambo yakikuharibikia huko. Huoni kheri uwaachie?"

Akajibu: "Baba, nipeni kwanza kilicho changu. Kikishakuwa mkononi mwangu, ndipo mniombe."

Shangazi yake akacheka, na mzee naye akacheka, akasema hiyo ndiyo Fiqhi.

Jumapili iliyofuata tulikwenda shambani na kamba. Upande wa juu tumepima, na mipaka imepandwa minyaa. Upande wa bonde bado, kwa sababu kaka mkubwa aliomba kwanza avune kilichomo, na dada yake akakubali, kwa sharti kwamba gunia lake lihesabiwe. Kikao cha kumalizia kitakuwa baada ya mavuno, Inshaallah. Ile hati ya kwanza niliombwa niichane. Sikuichana. Niliiweka juu ya mkeka mbele yao, nikachukua kalamu, nikayafuta kwa mkono wangu maneno mawili ya juu, na karatasi nimeihifadhi madrasa pamoja na vitabu vya Sarfu.

Wabillahi tawfiq.